Chupa ya Virusi kwa Mama Mdogo Mauwa

Mama mdogo wangu Mauwa anafuga viumbe ambao mie kwa macho yangu siwaoni. Kituo anachofanyia kazi kipo Ununio, kinazalisha chaza, na kila tangi lina laki kadhaa za vifaranga wao, kila mmoja mdogo kuliko punje ya chumvi. Aliponisimulia nilicheka. Akaniwekea tone moja chini ya hadubini, nikachungulia. Walikuwa wanazunguka kama watoto wa chekechea waliofunguliwa geti.

Alitoka Lindi, akauza vitumbua Tabata, halafu akaajiriwa hapo kama mfagizi. Usafi ndio uliompandisha hadi akapewa matangi. Hata kwetu akija, vyombo tulivyoosha anavirudia.

Mwezi wa tatu vifaranga walianza kuzama. Mzima huogelea, mgonjwa hulala chini. Matangi matano yaliisha ndani ya wiki, likabaki moja. Kina mama wa Mbweni, wanaofuga chaza baharini, walikuwa wanawasubiri hao hao. Wakifa, mwaka huu hawana cha kufuga.

"Zamani tulikuwaga tunamwaga antibayotiki, kesho yake wameamka," mama mdogo aliniambia. "Siku hizi bakteria wanainywa kama uji."

Ndipo Revelian, mtaalamu wa kituo, alipoleta chupa ndogo yenye maji meupe.

"Hii inaitwa faji, dada Mauwa. Ni virusi."

"Virusi? Unawaletea wanangu virusi?"

"Hawamgusi chaza wala mtu. Wanaingia ndani ya bakteria wanampasua. Tena ni aina ile ile tu inayotumaliza hapa."

"Umewatoa wapi?"

Revelian akakuna kichwa. "Kwenye mtaro wa soko la samaki. Bakteria walipojaa ndipo na maadui zao wanapokaa. Lakini nimewachuja, nimewasafisha."

"Mtaro! Miaka saba nasugua hapa, leo nimwage mtaro?"

"Dada, leo umepatikana," Yustina, mwenzake wa zamu, akamcheka.

Mama mdogo alikubali kwa shingo upande. Akachanganya nusu ya chupa na maji ya bahari kwenye ndoo, akamwaga tangini mwenyewe. Siku ya kwanza, hakuna kitu. Siku ya pili, waliozama wameongezeka. Jumamosi nilipokwenda kumtembelea nilimkuta Revelian ameshika koki ya chini ya tangi.

"Hawa faji hawajaendana na bakteria wetu," alisema. "Tumwage tu, tuoshe, tuanze upya."

"Braza, ngoja kwanza." Mama mdogo alikuwa anaangalia miguu yake. "Ile ndoo niliiosha kwa klorini."

"Si unaoshaga kila siku?"

"Kila siku naisuuza mpaka klorini inatoka. Safari hii niliiacha na klorini yake ndani, kusudi. Nilisema angalau iue ule uchafu wa mtaro."

Revelian akaachia koki. "Basi faji walifia kwenye ndoo, dada. Tangini hawakufika."

"Niliwaua mie."

Mie nilijifanya nasoma lebo ya dumu la klorini. Mama mdogo ninayemjua hajawahi kuambiwa kakosea kuosha kitu, na sasa alikuwa kajisema mwenyewe, mbele ya Yustina anayemtania kutwa.

Nusu ya chupa ilikuwa bado kwenye friji. Akasuuza ndoo kwa maji ya bahari peke yake, mara tatu, na kila mara mkono wake ulikuwa unalifuata dumu la klorini bila yeye kutaka. Mwishowe Yustina akalibeba dumu, akalipeleka nje.

"Nikikuachia hili, utawaosha mpaka hao virusi," alisema. Mama mdogo akacheka kidogo, akawamwaga faji tangini.

Jumatatu nilipitia pale nikitoka shule. "Shikamoo, mama mdogo." Jicho lake lilikuwa kwenye hadubini.

"Njoo uhesabu. Mie siyaamini macho yangu."

Nilihesabu kumi na wanne kwenye tone. Watano wamelala. Tisa wanazunguka.

"Waliozama hawarudi," Revelian alisema. "Lakini tangu jana hakuna mpya aliyezama. Tutabaki na nusu ya tangi, labda na zaidi kidogo."

Mama mdogo akafuta mikono, akachukua simu akampigia mmoja wa wale kina mama wa Mbweni.

"Demetria? Mtapata, ila pungufu. Nusu ya tangi hivi. Kosa langu, nitakuja niwaeleze wenyewe... Ndiyo, wazima. Wanaogelea, hapa nawaangalia."