Ufagio wa Phelis kwenye Stesheni

Phelis Mongina aliletwa kwetu na treni, bibi harusi mwenye sanduku la bati na kuku wawili. Mumewe, Obure, alipakia mizigo kwenye stesheni yetu ndogo, upande wa Kipkelion. Maziwa ya kijiji kizima yaliondokea hapo.

Obure alifariki. Miaka ya tisini ilipoanza, treni nayo ikaacha kuja. Nyasi zikaota relini na mbuzi wakahamia chumba cha abiria. Phelis akabaki na ng'ombe mmoja na ufagio. Kila asubuhi alifagia jukwaa la mizigo, lile la mawe linalomfika mtu kifuani, kisha akaketi hapo na mkebe wake wa maziwa.

"Mama Atuti, unangoja nani na treni ilikufa?" tulimtania.

"Nangoja mnunuzi. Maziwa huuziwa hapa."

Maziwa yakaganda, akawapa majirani. Mimi nilimwonea huruma, na hasira pia, maana ukaidi wake ulizidi wa ndama. Mwishowe mwanawe, Atuti, akatuma habari kutoka Kisii: Jumamosi atakuja, ng'ombe auzwe, mama arudi nyumbani. Phelis alilia. Kwake nyumbani ni hapa, alipomzika Obure.

Ijumaa alitembea hadi barabara kuu, akasimama mbele ya lori la maziwa. Dereva, Gibson, alikuwa ametukataa mara nyingi.

"Mama, huko siingii. Nani atainua hiyo mikebe yote kutoka kwa matope?"

"Njoo uone mara moja tu, kijana wangu. Ukikataa, kesho nauza ng'ombe."

Gibson alikuja akinung'unika. Njia ya kokoto kando ya reli ilikuwa imara. Alirudisha lori nyuma taratibu hadi likagusa jukwaa. Sakafu ya lori na jukwaa vikalingana sawasawa. Akausukuma mkebe wa Phelis uliokuwa hapo jukwaani kwa mkono mmoja, ukateleza ndani.

"Haki ya Mungu!" akacheka. "Kesho leteni yote!"

Usiku huo kijiji hakikulala vizuri kwa furaha. Asiyekubali kushindwa si mshindani, tulisema, sisi tuliomcheka.

Jumamosi Atuti alifika na kamba ya kumfunga ng'ombe. Alikuta jukwaa limejaa mikebe, watu wanaitana, na mama yake katikati akitoa amri.

"Weka hiyo kamba chini, baba," Phelis akamwambia. "Shika mkebe upande huo."