Kaseti ya Baba Kutoka Buna

Nikikumbuka ujana wangu, mwanangu, hunijia siku moja tu, nami siipendi. Ilikuwa miaka ya tisini, hapa hapa mtaani Galbet. Mimi na rafiki yangu Bishar tulikuwa na bendi ya watu wawili. Hatukuwa na gitaa; sauti zote, hata za ngoma, zilitoka kwenye kinanda cha umeme. Wazee walisema tunapiga kelele za jenereta, na hawakukosea sana.

Siku hiyo tulikuwa tumemaliza albamu yetu ya kwanza, nyimbo sita. Mwenye duka moja la muziki Nairobi alikubali kuisikiliza, na lori la mbuzi lilikuwa linaondoka adhuhuri. Ilibaki kunakili tu, lakini kaseti tupu zilikuwa zimekwisha mjini.

Mezani palikuwa na kaseti moja. Wiki iliyotangulia Adeer Noor, mdogo wake baba, aliileta kutoka Buna, kijijini, baba alikokuwa akichunga ngamia wake. Baba hakujua kuandika. Barua zake alizisema kwenye kaseti, kama wengi wa kwetu. Adeer alinishika mkono akasema, "Hii baba yako amesema kwa ajili yako, peke yako. Sikiliza yote. Usiache katikati, wallahi."

Niliacha katikati. Unazijua salamu zetu. Baba aliuliza hali yangu, ya mama, ya majirani, kisha akaanza habari za mvua, kisima kwa kisima. Kwetu mzee haingii kwenye neno lenyewe kabla ya hayo. Nilizima redio nikasema nitamalizia kesho, na kesho nikapiga kinanda.

Baba alikuwa amevunja hata vile vijino vya juu ya kaseti ili isifutwe. Nikaziba matundu kwa karatasi niliyoitafuna, nikarekodi nyimbo zangu juu ya sauti yake. Bishar aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia mzee atatuma nyingine.

Hakutuma. Kabla mwezi haujaisha tulipata habari kwamba amefariki. Yeye alijua anaumwa, sisi hatukujua. Mama, akiwa bado kwenye eda, aliniita.

"Baba yako amekuachia neno gani?"

Nikasema ameniusia nimtunze yeye mama. 

"Huyo si baba yako," akasema. "Yeye angeanza na ngamia."

Hakuniuliza tena mpaka akafa. Afadhali angenichapa.

Albamu ilirudi na lori lile lile, bila hata salamu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Niliisikiliza peke yangu hadi wimbo wa sita ukaisha. Nyimbo zetu zilikuwa fupi kuliko maneno ya baba, basi pale mwisho kabisa sauti yake ikatokea: "Hayo ndiyo yote. Umenielewa, mwanangu?" Kisha utepe ukakatika.

Umeniuliza mara nyingi babu yako alituusia nini. Sijui. Yote niliyokwambia ni yake niliyatunga mimi, na leo naona haya. La kwangu mwenyewe ni hili: mzee akianza na mvua, kaa chini. Mfuate kisima kwa kisima, hata lori likiunguruma nje, maana neno lako liko mwisho. Maji yakimwagika hayazoleki. Allah akupe subira niliyoikosa, mwanangu, na akuepushe na swali la mzazi ambalo huwezi tena kulijibu.