Mwisho Niliomsomea Sechelela

Mpaka leo ngozi ya mbuzi ikilowa maji, ile harufu yake iliyo kati ya zizi na mvua, mimi hushtuka kabla sijajua kwa nini. Wajukuu wananicheka. Wakianika ngozi uani, nabeba mkeka wangu nahamia upande wa pili wa nyumba, nao husema bibi anajidai mtu wa pwani. Nimewaacha wacheke. Ninyi nitawaambia, kwa kuwa hamkunizaa wala sikuwazaa, na hamtajiona mna wajibu wa kunitetea.

Kitabu cha shangazi yangu kilifungwa katika ngozi ya mbuzi. Shangazi, Bi Zuhura, alikuja nacho kutoka Bagamoyo alipokuja kunilea baada ya mama kufariki. Baba alikuwa mtu wa misafara. Reli ilipofika Dodoma akaona miguu yake imeshapata pumziko, akajenga katika mtaa wetu wa Waswahili karibu na stesheni, akawa ananunua ngozi na kuzipeleka pwani kwa garimoshi. Dodoma ya Wadachi ilikuwa ndogo: boma, stesheni, mistari michache ya nyumba zetu, na ukishazipita hizo ni matembe ya Wagogo, ng'ombe wao, na vumbi jekundu linaloingia hata kwenye chumvi.

Kitabu chenyewe kiliandikwa kwa mkono, Kiswahili chetu kwa herufi za Kiarabu, kwa wino wa masizi ambao ukiugusa na kidole chenye jasho unakufuata. Shangazi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, haoni herufi. Mimi nilikuwa nimekaa chuoni kwa mwalimu wa Kurani miaka mitatu na nimechapwa vya kutosha kujua kusoma. Basi kila siku baada ya alasiri nilikaa naye barazani nikamsomea, naye akisuka ukili kwa kupapasa.

Kilikuwa kisa cha Hamduni muuza kuni na mkewe Shamsa. Siku ya saba ya arusi yao, jini mwenye ndevu za shaba alisimama mlangoni, akamchukua Hamduni, akamfanya mpagazi katika mji wake ulio chini ya mlima. Huko alibebeshwa mzigo asioruhusiwa kuutua, akila amesimama na kulala amesimama. Shamsa akabaki mlangoni akimwuliza kila ndege anayepita. Mambo mengi ya kitabu kile yalinipita kimo, hasa yale ya kitandani ambayo shangazi aliniamuru niyaruke, nami nikarudi kuyasoma peke yangu nisione cha ajabu. Lakini Hamduni nilimpenda. Nilimpenda kuliko nilivyowapenda baadaye waume wawili niliowazika, Mungu anisamehe. Nikila, nilibakiza tonge moja pembeni ya chungu, la Hamduni, na kuku walilila wakanenepa.

Sechelela alikuwa jirani yetu, tembe lake la mwisho kabla mashamba ya uwele hayajaanza. Alikuwa mwanamke kijana, hajapata mtoto bado, mwenye mapengo ya meno ya chini yaliyong'olewa kwa mila yao na kicheko kilichofika mbele yake. Nilimwita dada. Vita vya Wadachi na Waingereza vilipoanza, askari walipita matembeni wakikusanya wapagazi, na mumewe, Ndahani, akafungwa kamba pamoja na wenzake akaenda. Bwana aliyesimamia kazi ile alikuwa Mdachi mwenye ndevu nyekundu.

Sechelela alianza kuja barazani kwetu siku nilipokuwa nasoma habari za mzigo. Alisimama kando, kichwani kibuyu cha maziwa, akatuamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akakaa chini. Nilipofika mwisho wa ukurasa akauliza, "Huyo aliyemchukua, ndevu zake nyekundu?"

"Za shaba," nikasema. "Shaba ni nyekundu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Akaacha maziwa, akaenda. Kesho yake akaja tena na maziwa mengine.

Sasa niwaeleze jambo ambalo siku zile sikuliunganisha. Mtaani kwetu palikuwa na mzee aliyefungua kitabu kwa ajili ya watu waliopotelewa. Mwaka mmoja kabla ya vita Sechelela alipotelewa na ng'ombe wake, mtamba, akampelekea mzee yule kibuyu cha maziwa. Mzee akafungua kitabu, akasoma kimoyomoyo, akamwambia atafute upande wa Nzuguni, na mtamba akaonekana Nzuguni. Baada ya hapo ungemwambia nini Sechelela juu ya vitabu vya Waswahili? Kwake vilikuwa vyombo vya kuonea mbali. Maziwa yake yalikuwa ada. Sisi tuliyapokea kama ujirani, shangazi akamrudishia kibuyu na chumvi ndani, maana chombo cha jirani hakirudi kitupu.

Aliniita mwalimu. Mtoto wa miaka kumi na moja, kamasi haijakauka vizuri, naitwa mwalimu na mtu mzima! Kichwa kilivimba. Akiuliza, nilijibu hata pale kitabu kilipokaa kimya.

"Mwalimu, huko chini anakula nini?"

"Makapi ya mtama," nilisema, nikifuata mstari kwa kidole ambapo hapakuwa na mtama wala makapi.

"Na bega? Bega lake la kushoto liliwahi kuvunjika."

"Mzigo ameuhamishia la kulia."

Shangazi alicheka chini kwa chini akasema mtoto huyu atatuandikia kitabu kizima. Alidhani Sechelela anapenda hadithi, kama yeye, kama mimi. Alimwambia, "Subira yavuta heri, mwanangu," jinsi unavyomwambia mtu anayelilia kisa. Nami nikafurahi moyoni kuwa nimepata mwenzangu, mtu mwingine duniani anayemwaza Hamduni mchana kutwa. Nilimwona jioni akiwa mlangoni pake anatazama reli, nikasema, yule naye anafikiria tulipoishia.

Mwaka ule mvua ilidondoka mara mbili ikaacha. Uwele ulitoka kidole kimoja, ukakauka. Wadachi walichukua ng'ombe kulisha askari, wakachukua na nafaka ya ghalani. Ndipo kaka yake Sechelela alipokuja kumchukua. Aliitwa Chedego, alikaa upande wa Mtera, ambako mto haukauki kabisa na mtu hakosi kambale. Alikuja na punda mmoja, akamkuta dada yake barazani kwetu.

"Fungasha vyombo," alimwambia baada ya kutuamkia. "Huku hakuna mavuno mwaka huu. Unamlinda nani?"

"Namngoja Ndahani."

"Waliochukuliwa naye hakuna aliyerudi hata mmoja. Mama analia kila siku, anasema nisirudi bila wewe."

"Kitabu hakijamaliza," akasema Sechelela.

Chedego alimtazama shangazi, akanitazama mimi. "Kimebaki kiasi gani?"

"Ukurasa mmoja," nikasema, nikijivuna kama niliyekiandika.

"Basi kesho kimalizwe. Keshokutwa tunaondoka."

Msifikiri sikusikia. Nilisikia kila neno, na nililoelewa ni kwamba Sechelela, kama mimi, hawezi kuondoka kabla ya kujua yatakayompata Hamduni. Nilimwonea huruma, maana mimi mwisho nilikuwa nimeshauchungulia. Katika ukurasa ule Hamduni alianguka chini ya mzigo wake kwenye lango la mji wa majini, akafa. Njiwa alimletea Shamsa pete yake. Shamsa akanyoa nywele, akafunga mlango, akarudi kwa baba yake, na huko akaishi. Nililia juu ya maneno hayo mpaka wino ukachafuka. Niliuchukia mwisho ule. Niliona aliyeuandika ni mtu mwenye roho mbaya.

Kesho yake shangazi aliitwa matangani, akashikwa mkono akaenda. Nikabaki na Sechelela peke yetu barazani, Chedego akimnywesha punda kisimani. Nikafungua ukurasa wa mwisho. Nikaweka kidole juu ya neno la kwanza, nikasoma lisiloandikwa.

Nikasema Hamduni aliyumba langoni lakini hakuanguka. Nikasema jini alilala, naye akautua mzigo polepole kama mtu anayelaza mtoto. Alitembea mchana na usiku, na njia zote zilifanana, asijue ya kwao ni ipi. Lakini Shamsa hakuondoka mlangoni. Na kwa kuwa hakuondoka, Hamduni akaiona njia.

Nawaambieni ukweli, sijawahi kutunga kitu kizuri kama kile.

Sechelela aliuliza, sauti ndogo, "Angeondoka?"

"Angeondoka, njia ingefutika."

Alinishika mikono yote miwili, viganja vyake vikavu, akacheka kile kicheko chake ambacho sikuwa nimekisikia tangu vita. Mimi nikacheka naye. Tulimwokoa Hamduni, mimi na yeye.

Chedego aliondoka na punda asiye na mzigo. Alipita mbele ya baraza yetu bila kuamkia, nikaona kwamba mtu mzima yule analia, nikashangaa anamlilia nani.

Njaa haikuja siku moja. Kwanza watu walichimba mizizi, kisha wakaja kwa baba kuomba ngozi. Waliziloweka, wakazibabua manyoya, wakazichemsha kutwa. Mtaa mzima ukanuka ngozi mbichi. Sisi tulipata mchele kidogo kwa garimoshi, mpaka nalo likawa la askari tu. Shangazi alimpelekea Sechelela uji, akamwambia ahamie kwetu, tule tulichonacho, tulale pamoja. Akakataa. Alisema akitoka mlangoni njia itafutika.

Shangazi alirudi nyumbani akapapasa mpaka akanipata. "Ulimsomea nini?"

Nikasema. Njia ya mwongo ni fupi, yangu iliishia hapo, chini ya mkono wake uliokuwa umenishika sikio. Hakunipiga. Aliondoka hapo hapo kwenda kwa Sechelela kumwambia mwisho wenyewe, kwamba Shamsa alirudi kwao. Sechelela alimjibu kwa heshima, "Bibi, wewe huoni herufi. Mwalimu anaona."

Basi nikatumwa mimi. Nilikwenda mchana, jua kali, nikasimama mbele yake na kitabu kifuani. Alikuwa amekonda, shanga za shingoni zimekuwa nyingi kuliko shingo. Nikamwambia nilidanganya. Nikamwambia Hamduni amekufa langoni.

Alinitazama kwa upole ambao bado unanitazama. "Wamekutuma," akasema. "Wanataka nile kwao, wana huruma. Kitabu hakisemi mara mbili, mwalimu. Nenda nyumbani, jua litakuumiza kichwa."

Nilifanya alivyosema. Nilikwenda nyumbani.

Tulimkuta baada ya siku tisa, ameegemea mwimo wa mlango, uso kwenye reli. Kando yake palikuwa na chungu, na ndani ya chungu kipande cha ngozi ya mbuzi kimelowa, hakijapata kuni. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Shangazi alimfumba macho kwa kupapasa.

Tangu hapo niliacha kumbakizia Hamduni tonge. Lakini nilimwona Shamsa. Nilikuwa nikipita pale kwa Sechelela nikienda kuteka maji, mchana kweupe, namwona mlangoni amekaa ananingoja nisome, na tembe lenyewe lilikwisha bomoka paa. Nilizunguka mbali na ndoo kichwani, nikafika nyumbani maji nusu, nikagombezwa. Hata sasa, nikiwa mwanamke mzee mwenye vitukuu, nikisikia mtu anasoma kwa sauti hutazama kwanza mlangoni kuna nani.

Wadachi waliondoka, Waingereza wakaingia. Mvua ikanyesha. Na siku moja mtu alikuja akifuata reli kwa miguu, bega la kushoto limeshuka, shingoni kovu pana la kamba ya mzigo. Alikuwa Ndahani.

Alikaa siku mbili kwenye kifusi cha tembe lake. Siku ya tatu akaja kwetu. Shangazi alimpokea, akampa maji. Ndahani akasema, "Watu wananiambia mke wangu alikuwa akisikia habari zangu hapa, kitabuni. Mama, nataka nisikie alichosikia mwisho."

Shangazi aligeuza macho yake meupe upande niliokaa mimi.

Nikaleta kitabu. Nikafungua ukurasa wa mwisho, na pale chini ya kidole changu, katika wino niliouchafua kwa machozi, Hamduni alikuwa ameanguka langoni na Shamsa anafunga mlango aende kwao akaishi. Nikasoma ule mwingine. Niliukumbuka wote, sikukosa neno: mzigo uliotuliwa kama mtoto, njia zilizofanana, mwanamke ambaye hakuondoka.

Ndahani alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akasema, "Kumbe alijua nakuja."

"Alijua," nikasema.

Akashukuru. Akainuka akaenda zake, na sikupata kumwona tena.

Kwa miaka mingi niliamini kosa langu lilikuwa uongo, nikatubu uongo, nikafunga kwa ajili ya uongo. Haikunituliza. Nilikuwa nimeshazaa, nimeshafiwa na mtoto, nimeshakaa mbele ya mtu mwenye kitabu nikimsihi kwa macho anijibu, ndipo nilipomwelewa. Sechelela hakuwa na haja na Hamduni hata siku moja. Alikuja kuniuliza aende au abaki. Nami nilikuwa namlilia Hamduni, nikamwambia abaki.