Makoti Meupe ya Mzee Pepe

Jina lake halisi watu walishalisahau, na nadhani hata yeye mwenyewe lilikuwa limemponyoka. Mtaa mzima ulimwita Mzee Pepe, kwa sababu kila alipomkabidhi mteja nguo aliikung'uta mbele ya macho yake na kusema, "Nyeupe pepe! Ukiona doa, uniachie mwenyewe niivae." Alikuwa dobi, dobi kweli. Alifua kwa mikono, akasuuza, maji ya mwisho akayatia buluu ili weupe ung'ae, kisha akaanika uani kwenye kamba iliyotoka ukuta huu mpaka ukuta ule. Na pasi yake ilikuwa ya mkaa. Ya umeme alikuwa nayo, zawadi ya binti yake, imekaa juu ya kabati ndani ya boksi. "Ile inaibembeleza nguo," alisema. "Hii yangu inaiamrisha."

Mkewe alikuwa mshona vifungo. Alikaa kwenye kigoda kando ya meza ya pasi, sindano mkononi, akishona na kumtania mumewe. "Nyoosha hiyo kola vizuri, baba. Daktari akivaa ovyo ovyo, wagonjwa watatimua mbio." Maana kazi yao kubwa ilikuwa makoti ya hospitali ya jirani, na mzee aliringa nayo kama vile yeye ndiye aliyekuwa akitibu.

Basi, kikaja kiwanda. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na uwanja mtupu, na hapo wakajenga cha kuyeyusha vyuma chakavu: injini kuukuu, mabati, nyaya, chochote kile. Bomba lake la moshi lilikuwa refu, lakini uchafu wake haukwenda mbali, uliangukia papa hapa. Ukipangusa dirisha asubuhi, mchana kitambaa kinatoka cheusi tena. Miti ya kando ya barabara ikapukutika. Maji ya mvua kwenye mapipa yakafanya utando, na watoto wakawa wanakohoa darasani utadhani vikongwe. Mke wa dobi naye akapata kikohozi kikavu, cha kuchokoza, kisichosikia dawa.

Mzee Pepe aliumia kwa namna yake. Aliteremsha shuka kwenye kamba akazikuta na madoa ya masizi, ukiyagusa ndiyo kwanza yanapakaa. Akafua upya, akaanika, yakarudi yale yale. Siku moja akabeba shuka begani mpaka getini pa kiwanda, akaitandaza mbele ya mlinzi.

"Tazama kazi yenu!"

Mlinzi akaitazama. "Mzee wangu, mimi mwenyewe nikipenga kamasi inatoka nyeusi. Unataka nikwambie nini?"

Wakubwa hawakutoka. Aliambiwa aje kesho, akaja. Akaambiwa aje wiki ijayo, akaja. Walimpiga danadana mpaka miguu ikamchoka, na huko mtaani wenye midomo wakaanza: "Shikamoo, Mzee Kijivu!" Walidhani wanachekesha. Kumbe walimchoma penye kidonda, kwani hospitali ilishamrudishia furushi zima na kumwonya kwamba likirudi tena hivyo, atatafutwa dobi mwingine.

Hapo ndipo ujuzi wake ulipomponza. Alijiambia kwamba kama hewa ya nje ni chafu, dawa ni kuifungia huko huko nje. Akahamishia kamba kwenye chumba cha kazi. Akachana shuka zilizochakaa vipande virefu, akaziba nyufa zote za dirisha, akaziba juu ya mlango, hata tundu la funguo hakulisahau. Chini ya mlango akalaza blanketi. Mkaa aliuwasha nje, akaupepea mpaka ukaiva wote mwekundu bila hata uzi wa moshi, ndipo akajaza pasi, na uliobaki akauingiza ndani kwenye jiko dogo, uwe karibu. Kisha akarudisha blanketi mahali pake. Wee, nguo zikatoka nyeupe pepe! Hospitali ikasifu, na mzee wa watu akarudi kutembea kifua mbele.

Mkewe alikuwa humo humo, kwenye kigoda chake.

"Baba, fungua dirisha kidogo. Kichwa kinaniuma."

"Subiri kidogo, mama. Hizi bado mbichi, zikiingiwa na masizi nitaanza upya."

"Na hiki kichefuchefu hakiniachi."

"Ni hicho kiwanda chao, laana! Ndiyo maana nimeziba."

Msimwone katili, jamani. Alikuwa anasema kweli yake. Aliamini kabisa kwamba kila kitambaa alichosokomeza kwenye ufa kilikuwa kinamkinga mkewe. Binti yao alipokuja kuwatembelea, alikaa humo kitambo kidogo tu akatoka uani anahema. "Baba, humu mnapumua nini?"

"Hewa safi," alijibu mzee, akicheka. "Pitisha kidole popote, ukipata vumbi niite muongo."

Binti akarudi, akapitisha kidole mezani na dirishani. Hakupata vumbi. Akanyamaza, na mpaka leo hajajisamehe kunyamaza kule.

Siku yenyewe ilikuwa mchana wa kazi nyingi. Mkewe alisema usingizi unamlemea, naye akamwambia ajilaze hapo hapo mkekani, vifungo vitangoja. Yeye mwenyewe alikuwa wa kutoka na kuingia, mara kusuuza, mara kukamua. Aliporudi na shuka, akamwita amshikie ncha waianike. Kimya. "Wewe mama, uzee gani huo wa kulala saa hizi?" akasema kwa utani, akainama kumgusa. Ukelele alioutoa uliwafanya majirani waache vyungu motoni.

Hospitalini, daktari aliketi naye kwenye benchi, akamwuliza taratibu.

"Mnapikia wapi, mzee?"

"Nje. Moshi hauingii ndani kwangu."

"Na pasi?"

"Ndani. Nimeziba kila tundu, kwa mikono yangu hii. Hata masizi ya kiwanda hayapiti."

Alilisema kwa fahari, kama alivyozoea kumwambia mteja. Daktari akavuta pumzi.

"Mzee, uchafu wa kiwanda ulishamchakaza mapafu siku nyingi. Lakini kilichomwangusha leo ni hewa ya mkaa. Haionekani, wala haina harufu."

"Mkaa wangu hauna moshi! Nauivisha nje!"

"Hata ukishaiva, unatoa sumu. Chumba kikiwa kimefungwa, haina pa kutokea."

Mzee Pepe akainamisha macho. Mbele yake lilikuwa koti la daktari, limenyooka vizuri, na kifungo cha juu kimeshonwa kwa uzi mzito kuliko vingine. Aliujua uzi ule. Akaanza kulia pale pale, kwa sauti, mtu mzima, bila kumwonea haya yeyote.

Mkewe hakuamka tena. Alikata roho kesho yake asubuhi.

Alipoletwa nyumbani kuagwa, walimlaza kwenye chumba kile cha kazi, maana ndicho kilichokuwa kikubwa. Majirani walijaa uani wakikilaani kiwanda, na bomba juu ya vichwa vyao likiendelea kutapika moshi kama hawapo. Binti akamshika baba yake mkono. "Baba, waliomuua ni wale."

"Wao walimtia kikohozi," mzee alisema. "Mimi nikamfungia mlango."

Akachagua shuka aliyoipenda kuliko zote, akaifua mwenyewe, akaenda kuianika uani, kwenye kamba ya zamani. Masizi yakaanza kuiangukia. Binti akakimbia kuiteremsha. "Baba, inachafuka! Tuianike ndani."

"Iache."

Ilipokauka, akaichukua na madoa yake, na mikunjo yake, hakuipiga pasi, akamfunika nayo mkewe mpaka kifuani. Kisha akaenda dirishani. Akavuta vitambaa kimoja kimoja kutoka kwenye nyufa, vingine vimeganda akaving'oa kwa kucha, akasukuma mbao kwa nguvu zote mpaka zikagonga ukuta wa nje. Upepo ukaingia na uchafu wake, ukayatikisa makoti ya hospitali yaliyokuwa bado yananing'inia humo. Hakuyatazama. Alirudi akaketi kwenye kigoda kando ya mkewe.

"Haya, mama," akamwambia. "Nimefungua."