Fundi Saa na Kobe wa Mkewe

Fundi saa alikuwa mtu wa ukweli na dakika. Hata akienda kunyolewa, mlangoni aliacha kibao chenye sababu na saa ya kurudi. Kwa hiyo mkewe, alipokwenda wiki moja kumsaidia binti yao aliyejifungua, hakusita kumwachia kobe wake mgonjwa.

"Baba Watoto, nisikute amekufa," alisema tu, akaondoka.

Kobe huyo alikuja na bibi harusi, na tangu hapo fundi alimwita Shemeji: anakula, halipi kodi, wala hana mpango wa kuondoka. Sasa alikuwa na mafua. Pua ilitoa mapovu, macho yalivimba, na majani hayagusi. Daktari wa mifugo aliagiza maji ya uvuguvugu dakika ishirini kila asubuhi, matone ya dawa mara mbili kwa siku, na joto. Fundi akamhamishia dukani, akamlaza chini ya taa yake ya kazi. Saa za wateja zikangoja.

"Fungua mdomo, Shemeji," alibembeleza, matone yakiishia kwenye shati lake. "Mimi nilioa dada yako, sikukuoa wewe."

Siku ya saba, ile ya mkewe kurudi, Shemeji aliingiza kichwa akatulia tuli. Fundi akavaa lenzi jichoni, akashika saa, akahesabu pumzi. Dakika nzima, hamna kitu. Saa isiyogonga dakika nzima yeye huiita mfu, na hakujua kwamba kobe huvuta pumzi anapojisikia. Akamfunga kwenye taulo, akaandika kibao: "Nimefunga. Msiba. Nitafungua kesho saa mbili na nusu."

Fundi cherehani wa duka la pili alikisoma, naye alijua ni nani aliyekuwa safarini. Kufika adhuhuri, sebule ya fundi saa ilifurika majirani.

"Alikuwa mpole," fundi alisema kwa kwikwi, na wanawake wakaangua kilio. "Asubuhi hii tu nimemwogesha mwenyewe."

Watu wakatazamana. Wakati huohuo mke akaingia na begi lake, na fundi cherehani akakaa chini pasipo kiti.

"Nani amekufa?" mke aliuliza.

Fundi akamnyooshea taulo bila kumtazama. Taulo likapiga chafya. Kichwa kikachomoza, kikaangalia umati, kikarudi ndani.

Majirani waliondoka, wengine wakijishika mbavu, wengine wamenuna kwa kulia bure. Mke akamfuta mumewe uso kwa ncha ya mtandio.

"Machozi yote haya kwa kobe?"

"Kwa kobe wapi. Kwa ajili yako," alisema fundi. "Miaka yote hii hujaniomba kitu. Umeniomba kimoja tu, nikadhani kimenishinda."

Mke alisogea karibu naye, akamshika Shemeji kichwa taratibu, ili mumewe atie matone.