Sauti Niliyofundishwa na Pasi

Nikisikia pasi moto ikigusa shati bichi, shhh, na harufu ya mvuke wa pamba ikipanda, mdomo wangu huchongoka wenyewe. Msinicheke. Ndivyo nilivyojifunza kusema.

Tulikaa chumba kimoja Kariobangi, na nyumbani tulizungumza Kijaluo, lugha isiyo na "sh". Nilipoingia chekechea, shamba kwangu lilikuwa samba na shule ilikuwa sule. Hakuna aliyejali, mpaka mwalimu aliponichagua nitoe shukrani siku ya wazazi. Nikasimama mbele ya wenzangu kufanya mazoezi: "Tunatoa sukrani."

"Niaje, Sukari!" wakaniita tangu siku hiyo. Mwalimu naye akasema nisipolitamka vizuri neno hilo baada ya wiki mbili, atampa mwingine. Nikarudi nyumbani kamasi na machozi.

Mama hakuwa mtu wa kubembeleza. Alikuwa akizipiga pasi ya makaa sare za kazi za Baba. Akachovya vidole majini, akanyunyiza nguo, akapitisha pasi.

"Nyara," akaniita, yaani binti yangu, "sikiza vile inasema. Ijibu."

"Sss."

"Hiyo ni ya nyoka. Toa mdomo mbele, kama unapuliza uji."

Basi kila jioni nikawa nabishana na pasi. Nilipoimudu, Mama alileta mchezo mwingine: alificha vitu ndani ya karai, kisha akawa anainua kimoja kimoja, shuka, shati, shanga, huku amepandisha nyusi. Nikikitaja sawasawa napata karanga. Nikikosea ananyooshea pasi kidole. Yeye mwenyewe hakutaja chochote. Nilidhani ndiyo sheria ya mchezo. Nilinogewa hadi nikaanza kutaja nisivyoonyeshwa, na siku moja nikamtaja shetani, tena vizuri sana.

"Huyo hatumpi karanga," Mama akasema.

Siku ya wazazi ilipofika, "shukrani" ilinitoka safi, nikapigiwa makofi. Mwalimu akamwomba Mama aseme neno. Akainuka, akarekebisha leso yake.

"Mwalimu, tunasukuru sana."

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nilicheka kuwashinda wote. Mama akatabasamu, akaketi.

Miaka ikapita. Ni juzi tu, nikimfundisha mwanangu kutamka "r", ndipo nilipoelewa kwa nini Mama aliinua vitu bila kuvitaja, na kwa nini aliiacha pasi iseme badala yake. Kile kicheko changu kikanichoma. Nikampigia simu kumwomba radhi.

"Mimi sikumbuki kicheko," akaniambia. "Nakumbuka tu ulisema vizuri."

Watu husema mtu hawezi kutoa asichokuwa nacho. Mimi nilipewa.