Siku Mchumba Wangu Aliponipita Mara Mbili

Jamani, naona aibu hata kuanza, ila bora mlisikie kwangu kuliko kwa majirani wa Nyaishozi, maana wao wataongeza chumvi.

Chanzo ni madoa ya chunusi. Wiki ile ile ukoo wa Deus, mchumba wangu, ulikuwa uje kutoka Kaisho kujitambulisha, mimi nikasema siwezi kupokea wakwe na uso huu (uso ambao Deus aliupenda ulivyo, lakini nani alimuuliza), nikapanda basi hadi Mwanza, nikapigwa mionzi ya leza. Dada wa kliniki akanionya nisikae juani wala karibu na moto. Nikaitikia kwa adabu, kisha nikashuka Kayanga jua la utosi, nikapanda bodaboda hadi nyumbani, na kesho yake nikashinda jikoni kwenye moshi na mvuke wa ndizi, maana kwetu binti anayetaka kuolewa halafu akakaa kivulini ataambiwa mvivu.

Asubuhi ya ugeni niliamka nikadhani bado usiku. Macho yalikuwa yamevimba yakabaki nyufa mbili, mashavu mekundu kama buni mbivu. Mama aliponiona akakaa chini bila kutafuta kiti. Kuahirisha hakukuwezekana, wageni walishafika Bugene.

Sasa, desturi ni kwamba wasichana hufunikwa kanga gubigubi, hupangwa mstari, ndipo bwana amtafute wake. Deus akatufunua mmoja mmoja. Alipofika kwangu akashtuka, akaniomba radhi, akanifunika tena vizuri kabisa. Akarudia mstari mzima, akanipita tena, halafu akawaambia wazee wake kwa masikitiko, "Humu hayumo."

Watu wakacheka wakidhani ni utani. Shangazi yake hakucheka. Alisema picha yangu anayo, na kwamba tunataka kuwabadilishia binti, akaagiza rubisi, pombe ya ndizi waliyotuletea, irudishwe kwenye gari. Mama akaapa mbingu na ardhi, wapi. Nikaona ndoa yangu inapakiwa hivi hivi, na mwali anatakiwa ainame anyamaze, lakini uvumilivu ukanishinda. Nikaitupa kanga.

"Deus, umenipita mara mbili. Nipite ya tatu uone."

Deus akanitazama, akaanza kutabasamu, akamgeukia shangazi yake. "Shangazi, shusheni rubisi. Ni yeye. Ukali huu hana mwingine."

Baadaye daktari alinieleza kwamba ngozi yangu ina rosasea, ugonjwa wa wekundu, na ile leza, jua na moto viliuchokoza. Uvimbe uliisha, wekundu hurudi kila nikipata joto. Nimeapa, leza na mimi basi. Ila bibi yake Deus, ambaye siku ile miguu ilimzuia kuja, kila akiniona jikoni mashavu yamewiva huwaambia wageni kwamba mke wa mjukuu wake ana haya sana, mabinti wa namna hii siku hizi hawapatikani. Nami huinamisha kichwa, namshukuru.